Gauni la Siku ya Wageni

Uru, jioni ya kuamkia harusi yako

Manka mwanangu,

Najua saa hizi uko Rau kwa mama yako mdogo, umekalishwa kitini, nywele zimefungwa, na wapambaji wanakukataza kucheka usije ukakunja uso. Mimi nimejifungia stoo ya kahawa, maana ndiyo sehemu pekee ya nyumba yangu ambayo ndugu za marehemu baba yako hawajaingia leo. Wako uani wanamenya ndizi za kesho. Wanamenya kidogo, wanasema sana. Barua hii ataileta mjomba wako asubuhi pamoja na maziwa. Isome kabla hujaingia kwenye gari la harusi, na uisome peke yako. Mama yako mdogo akitaka kujua imeandikwa nini, mwambie ni maombi.

Mwandiko utausoma bila shida. Niliishia darasa la saba, lakini katika darasa lile mwalimu alikuwa akinipa mimi chaki niandike ubaoni yeye akienda kunywa chai, na mpaka leo katibu wa jumuiya yetu, mwenye cheti chake, hunijia nimwandikie majina ya wagonjwa wa kuombewa. Nalisema hilo usije ukadhani nimeandikiwa na mtu. Haya yote ni yangu.

Sitakufundisha kuishi na mume. Hayo utaambiwa kesho kwenye kipaza sauti na watu wengi, hata wale ambao waume zao walihamia Dar hawakurudi. Kufua unajua. Mtori wako unashinda wa shangazi zako wote, maana ulijifunza kwangu. Ng'ombe sasa unawajua kuliko mimi, ingawa ni mimi niliyekushikisha chuchu ya kwanza ukakamua, na wakikuita daktari wa mifugo huko Kibosho unakoolewa usiache kuwaambia ulianzia wapi. Mimi nakuandikia habari ya nguo.

Unaikumbuka siku wazazi wa Deo walipokuja na mbege, pombe ya ndizi, ya posa. Naiandika ingawa ulikuwepo, kwa sababu tangu siku ile hatujaitaja, na nimechoka kuizunguka kama mtu anayezunguka kinyesi cha ng'ombe njiani.

Nilikwenda Kiboriloni kwa fundi nikampa vipimo vyako, halafu nikamwambia apunguze. Akaniuliza apunguze wapi. Nikamwambia kila mahali. Yule fundi ni mtu mzima, akasema, mama, huyu binti atakaa au atasimama tu? Nikamwambia ashone. Asubuhi ya wageni nikakusanya suruali zako za kaki, zile unazovaa kwenda kutibu ng'ombe za watu, na yale mashati mapana ya baba yako unayoyapenda, nikayatia kwenye gunia nikalifunga mdomo. Pikipiki yako nikaisukuma mwenyewe nyuma ya banda, nikaifunika turubai. Ukatoka chumbani umevaa lile gauni na vile viatu vya mchuchumio, unatembea kama ndama aliyefungwa kamba ya miguu.

Ukaniambia, "Mama, siwezi kupumua."

Nikakuambia, "Utapumua wakishaondoka."

Hayo ndiyo maneno yangu, mimi mama yako mzazi.

Ulikaa kwenye ukingo wa kochi mchana kutwa. Hukula. Ulipoinama kumnawisha baba yake Deo mikono, niliona mshipa wa shingo umesimama. Halafu mama yake akakuita karibu, akakuzungusha, akakutazama mbele na nyuma kama mtu anayechagua mtamba, akasema mbele ya wote kwamba watu ni waongo. Alikuwa ameambiwa mwanawe kapata msichana wa suruali na pikipiki, akalia usiku kucha, kumbe binti mwenyewe ni huyu, mwanamke kamili. Watu wakageuka kunitazama. Ingenitosha kunyamaza tu, hata kukohoa. Mimi nikacheka nikasema suruali ni za kazini, tena mara mojamoja, ukishaolewa utaziacha mwenyewe.

Wewe ukanitazama. Hukusema kitu, hujasema mpaka leo. Ila shikamoo zako zimekuwa safi mno. Unaniamkia kama unavyomwamkia mwenyekiti wa kijiji. Zamani ulikuwa ukiingia jikoni unachota chakula kwenye sufuria na mkono, nakupiga na mwiko, tunacheka. Siku hizi unasubiri kupakuliwa.

Watu wangeuliza, kwa nini mimi? Mimi ambaye Uru nzima nikitajwa wanasema yule mama wa gambuti. Ngoja nikueleze nilikotoka, maana kipande cha kwanza sijawahi kukueleza sawasawa. Nilikuwa nakueleza ushindi tu.

Kwetu Kwa Sadala, kule tambarare, nilikua na suruali. Zilikuwa za kaka zangu, zimechakaa, nafunga kiunoni kwa kamba ya katani. Zamu yetu ya maji ilipofika, mimi ndiye niliyekuwa naingia mferejini kufungulia shamba la mahindi, na hakuna mvulana aliyeweza kuziba tundu la mfereji haraka kama mimi. Uliza, watakuambia. Baba yangu hakuona ajabu. Alikuwa akisema kwamba maji hayaulizi umevaa nini. Nilikuwa na mwili mwepesi, mwanangu. Nilikuwa nasahau kwamba nimevaa nguo. Nadhani hiyo ndiyo nguo nzuri, ile unayoisahau.

Baba yako aliponiposa, mama yangu akanikalisha. Akanionya kwamba watu wa mlimani ni wagumu, wana macho, na ukoo wa baba yako ni wa kanisani sana. "Ingia na gauni," akaniambia. "Suruali watazikuta mbele ya safari, ukishazaa, wakishakuzoea."

Nikamsikiliza. Alikuwa mama yangu, na alinipenda, na alikosea.

Nikaingia Uru na magauni. Nikawa mkamwana wa kusifiwa. Bibi yako, mama wa baba yako, alikuwa akiwaambia wenzake kanisani kwamba huyu wa tambarare ana adabu kuliko wasichana wa huku. Mimi nikavimba kichwa. Mtu akikusifu kwa kitu kisicho chako, unakuwa mlinzi wa kitu hicho. Nikawa nakata majani ya ng'ombe kwenye lile korongo la chini na gauni, shumizi ndani, kitenge juu. Masika kitenge kinalowa, kinagandamana na miguu, una mzigo kichwani na panga mkononi, na njia ni utelezi mtupu. Nilikuwa naomba Mungu kila hatua, siyo kwa uchamungu.

Siku moja nikateleza. Mzigo ukaenda mtoni, mimi nikaenda nyuma yake, gauni likanasa kwenye kisiki, nikabaki nimening'inia, nguo yote imepanda kichwani. Nilipiga kelele mpaka wakaja wanaume waliokuwa wakichimba mfereji ng'ambo. Wakanitoa. Pale walitazamana tu, na jioni kilabuni walisema yote. Sasa nieleze wewe uliyesoma. Ile nguo ya heshima ndiyo iliyonivua mbele ya wanaume wa watu. Suruali ya kaka yangu isingenifanyia hivyo.

Kesho yake nikavaa suruali ya baba yako, nikaikunja chini, nikatoka. Bibi yako alikuwa kizingitini anachambua maharage. Hakupiga kelele, yule hakuwa mtu wa kelele. Akaniuliza hiyo tabia nilikuwa nayo tangu lini. Nikamjibu kweli, kwamba tangu kwetu.

"Basi ulituficha," akasema. "Sisi tulimwoa yule wa gauni. Wewe sijui nani amekuleta."

Akaendelea na maharage yake.

Manka, nimelitafuna neno lile miaka yote na bado lina uchungu, kwa sababu nililitafutia jibu sikulipata. Ningeingia na suruali siku ya kwanza, wangenisema wiki, wangenisema mwaka, wangesema hawa wa tambarare hawana malezi, halafu wangechoka. Mtu huchoka kusema jambo lililokuwepo alipolikuta. Lakini niliwaonyesha mtu mwingine kwanza. Suruali ile ile, kwa sababu ilichelewa, ikawa udanganyifu.

Shangazi yako Felista ndipo alipopata kazi ya kudumu. Alikuwa akiingia uani kwangu anamuuliza baba yako kwa sauti ya juu, watu wasikie, "Kaka, siku hizi mnalala wanaume wawili?" Watu wanacheka. Na mimi nilicheka mara ya kwanza, nikidhani ikichekwa itaisha. Haikuisha. Picha ya ukoo ilipopigwa Krismasi, ile iliyopo sebuleni kwa Felista, nilitumwa nikamtazame ng'ombe kama kazaa. Ng'ombe mwenyewe alikuwa hana hata mimba.

Na baba yako? Usinielewe vibaya, nilimpenda na nampenda. Alikuwa akishuka mnadani Kiboriloni, anachambua mitumba mpaka anapata suruali ya kiuno changu, nene, nzuri, anaileta imefichwa chini ya unga. Ananiambia nisiseme ameninunulia yeye. Nikiivaa, ananitazama anatabasamu. Dada yake akiingia, anatazama chini. Hakuwahi hata siku moja kumwambia Felista kwamba nguo hii nimemnunulia mimi mke wangu, una neno? Baba yako alinipenda kwa siri, mwanangu. Mapenzi ya siri yanatosha usiku. Mchana unabaki peke yako na watu.

Mimi nikawa naendelea. Suruali shambani, gauni kanisani, gauni msibani. Nikasema moyoni nimeshinda, maana nimepata nusu. Nilijisifu sana kwa ile nusu. Nilikuhadithia wewe ukiwa mdogo, ukalala unacheka. Nilikuwa sijajua bei yake.

Akafa baba yako. Ulikuwa darasa la nne, unakumbuka mvua. Asubuhi ya mazishi Felista akaja na gauni jeusi alilolishonesha mjini, na viatu vyake mwenyewe vya mchuchumio, akavitupa kitandani akasema leo hutatuaibisha. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Mfiwa ni kama mtoto, anavishwa. Gauni lilikuwa la kubana mpaka magotini, viatu vidogo kuliko mguu wangu. Nikavaa. Nikasema ni siku moja.

Kihamba chetu, shamba letu hili la nyumbani, unakijua, udongo wake ukilowa ni sabuni. Kutoka mlangoni mpaka kaburini, kati ya migomba, ni mwendo wa dakika tu, lakini visigino vilikuwa vikizama, wananing'oa, vinazama, wananing'oa. Wanawake wawili wameniinua kwapani. Watu wakadhani nimezidiwa na majonzi. Padri anasoma, mimi natazama viatu. Wanaimba, natazama viatu. Sanduku linashuka, mwanangu, baba yako anashuka, na mimi nawaza mguu wa kushoto umezama, nikiuvuta nitaanguka ndani.

Padri akasema mjane arushe udongo. Nikajaribu kuinama. Gauni halikuniruhusu. Nikajaribu kupiga magoti, gauni likakataa hapo pia, nikasikia mshono wa nyuma unalia, nikasimama. Watu wote wananitazama. Felista akanisogeza kwa bega akasema, "Tulia, nitamrushia mimi." Akainama, akachota udongo, akamrushia mume wangu.

Wewe ulikuwa pembeni yangu na raba zako za shule. Ukainama vizuri kabisa, ukachukua donge la udongo kwa mikono miwili, ukarusha. Nilikuona. Nilikuonea wivu, Manka, mtoto wangu mwenyewe aliyefiwa na baba.

Watu wakinihadithia mazishi ya baba yako, wanasema yalikuwa makubwa, kwaya mbili, mapadri watatu. Nawaitikia. Mimi sikuyaona. Nikifumba macho nitafute sura ya siku ile, naona viatu vyeusi vya Felista ndani ya tope. Hicho ndicho nilichopewa nikizike. Usiku wa kumaliza matanga nilivua lile gauni kwa mkasi, na tangu siku hiyo sijavaa tena nguo ya mtu mwingine, kanisani wala msibani. Wamenitoa kwenye uongozi wa akina mama. Wamenikalisha benchi la nyuma. Mavuno yakifika, mkungu wangu wa ndizi unabebwa na wanaume wawili mpaka madhabahuni na hakuna wa kuulinganisha nao, lakini mwenye mkungu haitwi mbele kupongezwa. Sawa. Nimekaa huko nyuma nikiwa napumua.

Sasa ona. Mwanamke huyo, aliyenyimwa na gauni mazishi ya mume wake, ndiye aliyekwenda kwa fundi akasema punguza kila mahali.

Nimejiuliza sana. Kujibu kwamba nilikuwa naogopa utakosa mume siyo kweli yote. Kweli yenyewe ina aibu zaidi. Nilichoka. Nilitaka siku moja, moja tu, watu wakae sebuleni kwangu waseme binti wa Mama Manka ni mzuri, waishie hapo, wasiongeze neno "lakini". Felista alikuwepo. Nilitaka aone. Na alipoona, akanyamaza, nilisikia utamu ambao sijausikia tangu nilipokuwa msichana. Nilikununulia sifa kwa pumzi yako, halafu sifa nikazila mimi.

Na lile gauni la kesho sina neno nalo. Ulilichagua mwenyewe, ni pana, linakaa. Ninachokiogopa ni kesho kutwa, utakapoamka Kibosho, na wale watu wanamngoja mwanamke niliyewaonyesha mimi.

Ndiyo maana leo asubuhi nilikwenda kwao. Utakasirika, na una haki, hukunituma. Nilimaliza kukamua, nikavaa suruali yangu ya kila siku na gambuti, nikakata jani la sale kwenye mpaka wetu na jirani, nikachukua bodaboda. Niliona watu wakubwa wanavyofanya. Aliyekosa akibeba sale, aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa. Nikasema nitakwenda nimevaa hivi hivi, waone kwa macho, nitakiri, nitasamehewa, mwanangu ataingia nyumba iliyo safi. Nilijiona nina akili sana njia nzima.

Nilimkuta Mama Deo uani anasimamia mapipa ya mbege. Alinitazama kuanzia chini. Kwenye gambuti alikaa muda. Halafu akanikaribisha ndani, akanipa chai, kwa heshima zote, sikudanganyi. Nikampa sale kwa mikono miwili, nikamwambia siku ile ya posa tuliwadanganya. Manka ni wa suruali, kazini na nyumbani, na yule wa gauni nilimtengeneza mimi na fundi.

Akaliweka sale mezani. Nikaona miguu yake chini ya meza. Mama yule yuko kwake, asubuhi, na mapipa ya pombe, lakini amevaa viatu vya visigino, na nyama ya mguu imefura pembeni kama unga uliozidi chombo. Aliona naitazama, akairudisha nyuma.

"Mimi nimevaa hivi tangu nilipoletwa nyumba hii," akasema. "Nani aliwahi kuniuliza kama napumua?"

Nilidhani hapo ndipo tunapokutana. Nikafungua mdomo nimwambie dada, hata mimi. Akanitangulia. Akaliinua lile sale, akaliweka juu ya kabati mahali pa juu.

"Sale nimelipokea, Mama Manka, halikataliwi. Lakini sale halibebwi na asiye na kosa. Umekuja mwenyewe, umevaa kosa lako, umelikiri. Basi limekwisha. Na kosa lililosamehewa halirudiwi. Mwambie binti aingie kwangu kama tulivyomwona."

Nikanyamaza. Mimi, Manka. Mimi ninayesemwa Uru nzima kwa mdomo, niliyemjibu padri, niliyemjibu bwana shamba mbele ya mkutano. Nilimaliza chai yangu, nikaaga. Baba yake Deo alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia mvua itakuja.

Sikupanda bodaboda kurudi. Nilitembea mpaka miguu ikauma, nikijitukana. Nilikwenda kukufungua, nimekufunga kwa mila. Nani katika nchi hii hajui kwamba ukibeba sale umekubali umekosa? Mtoto anajua. Mimi nilibeba, nikiwa ndani ya suruali, nikasimama mbele ya mkweo kama kielelezo cha kosa. Kichwa changu chote hiki ninachojivunia.

Nilikuwa nimefika kwenye kile kidaraja cha chini ndipo nikatulia nikajiuliza, kwani nilikwenda kuomba msamaha wa nini? Siyo wa suruali. Suruali zako hazijamkosea mtu, zimezalisha ng'ombe za watu usiku wa mvua. Niliomba kwa sababu niliwaonyesha mtu ambaye hayupo. Kosa nililokiri lilikuwa gauni. Na kama kosa lililosamehewa halirudiwi, basi kwa sheria yake mwenyewe, aliyoitamka kwa mdomo wake, lile gauni haliwezi kurudi nyumbani kwake. Hilo ndilo jibu. Lilinijia nikiwa mbali, kama majibu yangu yote mazuri. Siwezi kurudi kulisema, nitaonekana mwehu. Nakupa wewe.

Usilitumie kesho. Kesho vaa ulichokichagua, kula, cheza. Sikuambii uvunje harusi, Deo ni kijana mzuri, na mimi nimeshavunja vya kutosha. Ngoja asubuhi ile ya kwanza ya kazi, utakapotoka kwenye uwanja wao na suruali yako ukawashe pikipiki, na mama yule atoke jikoni. Mwamkie kwanza. Akilitaja sale, mwambie kwa sauti ya chini kile nilichosahau kusema mimi, kwamba kosa lililosamehewa ni gauni. Anaweza kukubali. Anaweza kuingia ndani akafunga mlango. Sikuahidi kitu, maana sijawahi kuona mwisho mzuri wa jambo hili kwa macho yangu, na sitaki kukudanganya mara ya pili.

Ila kuna jambo moja ninalolijua. Siku ile niliyotoka na suruali ya baba yako, nilimtazama mama yake tu, na maharage yake. Baba yako alikuwa amesimama pale pale, nyuma yangu, mlangoni. Sikugeuka. Ningegeuka ningemwona anatazama chini, na ningejua mapema nimeolewa na mtu wa namna gani, nikapanga maisha yangu kwa kujua. Ilinichukua miaka kuliona lililokuwa hatua mbili kutoka mgongoni kwangu.

Wewe ukishamjibu mama mkwe, usimtazame yeye tena. Geuka umtazame Deo.

Mama yako